Baba Mwenye Kadi

Masista hawakuchoka kutunga sheria. Kila Desemba, shule ikiwa imefungwa, katekista wa Mwingi alisimama baada ya misa akawasomea wazazi mambo ya kutayarisha kabla ya Januari, na hata sisi tusio Wakatoliki tulienda siku hiyo tukabanana nje ya dirisha. Mimi ni mtu wa kanisa la Inland tangu nizaliwe. Lakini binti yangu Syombua alikuwa amepata nafasi kwa Masista, na nafasi kwa Masista si kitu mtu angekikataa kwa sababu ya sanamu ukutani.

Sheria zenyewe tulizijua. Nywele zinyolewe zote. Shuka ziwe nyeupe, na mama atakayeleta za maua atarudi nazo. Sanduku la bati liandikwe jina kwa rangi, si kwa makaa. Chakula cha nyumbani kisivuke lango, hata isyo, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu Sista mmoja akimwaga sufuria nzima ya mahindi na maharagwe kwenye shimo la takataka huku mama mwenye sufuria akipiga ishara ya msalaba. Kikamba kisisemwe ndani ya ua, na hapo wazazi pia walihesabiwa. Mtu akipita lango alikuwa anakuwa bubu ghafla, kama hana Kiswahili.

Mwaka huo, tukijiandaa kuingia 1984, kulikuwa na sheria mpya. Katekista aliisoma polepole, mara mbili. Kila msichana ataletwa na baba yake mzazi, yeye mwenyewe, si mjomba wala jirani. Baba atapewa kadi yenye picha ya mtoto na mhuri wa shule. Mwenye kadi ndiye atakayeingia siku ya kutembelea, na ndiye atakayemchukua mtoto shule ikifungwa. Kama baba amekufa, mlezi alete cheti cha kifo.

Hatukuuliza sababu. Muhula uliopita mwanamume mmoja alifika shuleni na barua safi ya chifu, akasema yeye ni ndugu ya baba wa msichana aitwaye Mutindi na kwamba mama yake Mutindi ni mgonjwa sana. Masista wakamwachilia mtoto. Alipoonekana tena alikuwa mke wa mtu kule karibu na mto Tana, na mama yake hajawahi hata kuumwa kichwa. Sista mkuu wa wakati huo akahamishwa, akaletwa mwingine, Sista Domitila, na sheria hii ilikuwa yake. Ilikuwa sheria nzuri. Nalisema hilo mapema ili mtu asinielewe vibaya baadaye.

Jirani yangu Kalondu alikuwa kando yangu pale dirishani. Alikuwa bibi mzee, mikono imekauka kwa kazi, na alikuwa akimlea Kasyoka, aliyekuwa darasa moja na Syombua, wote wakienda kidato cha tatu. Aliposikia neno cheti alinishika mkono akacheka.

"Karatasi ya Mutunga ninayo!" akaniambia. "Nimeiweka miaka hii yote, kumbe ilikuwa na kazi."

Nikacheka naye. Hata mimi sikuona shida, na kijijini kwetu hakuna ambaye angeiona.

Maana mambo ya nyumba ya Kalondu tuliyajua wote. Mumewe Mutunga alikufa zamani, wakati wa Emachensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari, bila kumwachia mtoto. Kalondu alikataa nyumba ya mumewe ife. Akakusanya mbuzi, akaenda kwa kina msichana mmoja, Ndinda, akamwoa kwa jina la Mutunga, akachinja mbuzi wa ntheo mbele ya koo zote mbili kama mwanamume yeyote anavyofanya ili ndoa iwe ndoa. Mke wa namna hiyo sisi humwita iweto. Ndinda akazaa Kasyoka, na Kasyoka alikuwa mtoto wa Mutunga, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akipita bomani usiku. Mtu huyo hatajwi. Akitajwa anapata pa kuweka mguu, na nyumba inapasuka. Ndinda alikufa Kasyoka angali mdogo, na tangu hapo mtoto huyo ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe. Hakukuwa na mwingine nyuma yake.

Siku ya kufungua, mstari wa pale langoni ulikuwa kichekesho. Akina baba ambao hawakuwahi hata kujua binti zao wako darasa gani walisimama juani na makoti ya harusi, masanduku vichwani, wakiulizana ni lini hasa shuka zilianza kuwa nyeupe. Mume wangu Jonah alitoka mjini Wote, alikokuwa akifanya kazi ya barabara, akaja na kofia yake ya kazini. Mimi nilimfuata kwa sababu simwamini na orodha yoyote yenye sabuni. Na Kalondu alikuja na Kasyoka na cheti chake, kimefungwa kwenye pindo la leso.

Zamu yake ilipofika aliniomba niingie naye ofisini, kwa vile Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kikamba hakiruhusiwi. Sista Domitila alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi kama sisi, mtu wa Makueni. Hakuwa na sura mbaya. Alimkaribisha Kalondu kwenye kiti.

"Baba ya mtoto ni Mutunga," Kalondu akaanza. "Bwana yangu. Alikufa. Karatasi ndiyo hii."

Sista akasoma cheti. Akafungua faili la Kasyoka, akarudi tena kwenye cheti.

"Susu," akasema, akimwita bibi kama tunavyoita sisi, "hii inasema Mutunga alikufa mwaka wa hamsini na nne."

"Ee. Ilikuwa ni kifua."

"Na Kasyoka alizaliwa sitini na saba."

"Ee," akasema Kalondu, akifurahi kuona Sista anasoma vizuri.

 Nilitazama ile meza, nikaona jinsi jambo letu linavyoonekana ukilitazama kutoka upande ule mwingine.

"Sasa Mutunga atakuwa baba yake namna gani?"

"Mama yake nilioa mimi. Nilioa kwa jina ya Mutunga. Nilichinja ya ntheo. Uliza kijiji yote. Uliza huyu Ndila."

Sista aliinuka akafunga mlango. Alipokaa tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Susu, mimi ni mtoto wa Makueni. Iweto naijua, hata kwetu iko boma kama yako. Usifikiri nakudharau."

"Basi andika."

"Siwezi. Nikiandika kwamba mtu aliyekufa anazaa, kesho kila mwanaume atakuja hapa na hadithi yake. Mutindi alichukuliwa na mtu mwenye hadithi nzuri. Nataka yule aliyemzaa huyu msichana. Aje nimwone uso, nimpe kadi. Sitamuuliza mengine."

"Hakuna mtu kama huyo."

"Yuko, Susu. Mtoto hatoki hewani."

Nikaingilia. Nikasema Jonah yuko hapo nje, na angeweza kuchukua kadi mbili, sisi na Kalondu ni watu wa kijiji kimoja. Sista akaniuliza kama Jonah ni baba yake Kasyoka. Nikasema hapana, lakini... "Basi," akasema. Nikauliza je, barua ya chifu. Akaniambia yule mwanamume wa Mutindi pia alikuwa na barua ya chifu, tena iliyopigwa taipu.

Alitupa muda hadi mwisho wa wiki. Baada ya hapo nafasi ya Kasyoka ingekwenda kwa msichana mwingine, na wasichana waliokuwa wakingoja walikuwa wengi kiasi kwamba Sista hakuhitaji kusema zaidi.

Kasyoka alikuwa amekaa juu ya sanduku lake nje ya mlango. Alikuwa mrefu, mpole, na wa kwanza darasani katika hesabu, jambo lililokuwa likimfanya Syombua wangu kuvimba mashavu kila muhula. Alitaka kuwa nesi. Alituangalia nyuso, akainuka, akanyakua sanduku.

"Susu, wacha tu," akamwambia Kalondu. "Nitachunga mbuzi. Mbuzi pia nawajua."

Nafikiri ni hilo ndilo lililomvunja Kalondu. Angelia au angekasirika, pengine Kalondu angemrudisha nyumbani na mambo yakaisha hapo. Lakini mtoto alikubali haraka mno.

Kesho yake Kalondu alinipeleka mnadani Mwingi. Hakuniambia tunakwenda kwa nani. Tulipita katikati ya ng'ombe na wanunuzi mpaka akasimama mbele ya Nzuki, nami nikaziba mdomo. Nzuki! Mnunuzi wa ng'ombe, mzee wa kanisa letu, mtu wa koti na wake wawili, anayeomba kwa sauti kubwa kuliko mchungaji. Lakini nilipomtazama vizuri, niliona paji la uso la Kasyoka limekaa pale chini ya kofia, na nikajiuliza ni vipi miaka yote hiyo sikuliona.

"Nzuki," Kalondu akamwambia, "utakwenda kwa Sista useme mtoto ni wako. Ukipewa kadi, unanipa mimi. Basi."

Nzuki alimtuma mvulana wa ng'ombe aende mbali. Akafikiri.

"Wewe ndiye unasema ni wangu?"

"Nasema useme."

"La. Wewe sema kwanza. Mbele ya Ndila. Mimi sitaki kesho wazee wa ukoo wako wanishike shati, waseme nimeiba mtoto."

Kalondu alitazama chini. Ng'ombe walikuwa wakilia pande zote. Kisha akasema, kwa sauti niliyoisikia mimi kwa shida, "Kasyoka ni mtoto wako."

Nataka kuwa mkweli kwa Nzuki, ingawa sipendi. Siku hiyo hakuwa na ubaya moyoni. Ng'ombe wake walikuwa bado wamenona, na naamini alijisikia vizuri tu, mwanamume akiambiwa msichana mrefu mwenye akili ni wake. Alipanda basi pamoja nasi. Alisimama mbele ya Sista, akatoa kofia, akasema yeye ndiye baba. Sista akamuuliza Kalondu, "Ni kweli, Susu?" na Kalondu akasema ni kweli. Kasyoka akaingia bwenini. Hakumtazama Nzuki hata mara moja.

Nje ya lango Kalondu alinyoosha mkono apewe kadi.

"Iko na jina langu, Susu," Nzuki akasema. "Nikikupa na wakushike nayo, atafukuzwa mtoto. Wacha nikae nayo."

Na hapo pia hakusema uongo. Sheria ndivyo ilivyokuwa. Kalondu akarudisha mkono ndani ya leso.

Siku ya kutembelea wasichana, mwezi wa Machi, Nzuki hakuja. Alikuwa ametuma salamu kwamba ana kazi. Mimi niliingia nyuma ya Jonah na kadi yetu, na Kalondu akabaki nje ya ua wa michongoma na birika la chai ambayo isingeruhusiwa kuingia hata kama yeye mwenyewe angeruhusiwa. Nilimkuta Kasyoka ameketi peke yake kwenye ngazi ya darasa, wenzake wote wamezungukwa na jamaa zao. Nikamnong'oneza kwamba Susu yuko nje, kule kwenye michongoma. Alikimbia mpaka katikati ya uwanja, akainua mikono yote miwili, na mzee kule nyuma ya miiba akainua yake. Walisimama hivyo. Kisha Sista wa zamu akapiga kengele ya mkono akamrudisha, maana uwanjani palikuwa pa wenye wageni tu. Tulipokuwa tukirudi, Kalondu alimwaga chai kando ya barabara. Alisema ilikuwa imepoa.

Mvua za mwaka huo mnazikumbuka, au tuseme mnakumbuka kwamba hazikuja. Kufikia Aprili ng'ombe walianza kulala chini wasiinuke. Wa Nzuki walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Nilimwona mnadani akitembea katikati ya mizoga na koti lake lile lile, na haombi tena kwa sauti.

Shule ilipofungwa, Syombua alirudi na Jonah. Kalondu alikuwa ameketi kwetu tangu asubuhi akingoja.

"Kasyoka yuko wapi?" akamuuliza.

"Alitoka mbele yetu," Syombua akajibu. "Alikuja kuchukuliwa na lori. Baba yake alikuwa na kadi."

Lori lilikuwa la Muli, mtu wa Tseikuru mwenye visima viwili vilivyokuwa bado na maji. Kalondu alimkuta Nzuki nyumbani kwake jioni hiyo, na Nzuki hakuficha kitu. Muli amekubali kunywesha ng'ombe wake waliobaki mpaka mvua irudi. Muli hana mke tangu afiwe. Kasyoka yuko kwa Muli. Mambo yamekwisha.

"Mtoto ni wa Mutunga," Kalondu akasema.

"Mtoto ni wangu. Wewe ulisema."

Tulikwenda kwa chifu. Chifu akauliza baba anasemaje, tukamwambia baba amekubali, akatuuliza sasa tunataka afanye nini. Tukaita wazee wa ukoo. Wazee walianza vizuri, na kwa muda mfupi mimi nilipata matumaini. Waliuliza kama Nzuki aliwahi kupeleka ntheo kwa kina Ndinda. Hakuwahi. Basi huyo si mtoto wake, wakasema, hii kesi ni nyepesi, hata chai haijachemka. Ndipo Nzuki akasimama akawaomba wamuulize Kalondu alisema nini mnadani, na alisema nini mbele ya Sista.

Walimuuliza. Naye akasema aliyosema.

 Kisha mmoja wao, mzee Mulei, ndugu yake Mutunga kabisa, akasema nyumba ya ndugu yake imevunjwa na mdomo wa mwenye nyumba, na wao hawawezi kuijenga upya kwa maneno. Mimi nilipandwa na hasira. Nilisimama, jambo ambalo mwanamke hafanyi pale, nikawaambia alilazimishwa na sheria ya shule, nikawauliza wangependa afanye nini, amtoe mtoto shuleni? Mulei akaniambia ndiyo. Angemtoa. Mtoto angekuwa nyumbani sasa hivi anachunga mbuzi. Nikaketi. 

Mwezi wa Mei shule ilipofunguliwa, Kalondu alikuja nasi. Hakuwa na mtoto wa kumpeleka. Alikuwa akijiambia kwamba labda Nzuki ataona haya, labda atamleta. Tulikuwa mstarini tangu asubuhi, jua limeanza kuuma, nilipoona watu wa mbele wakigeuka.

Kasyoka alikuwa akija kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa amevaa sare ya shule iliyokunjamana, bila sanduku, bila viatu. Baadaye alituambia kwamba alikuwa ameivaa chini ya leso usiku uliotangulia, akatoka kwa Muli kabla ya mapambazuko, na Muktar, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akirudi na lori lake, alimpakia mpaka Mwingi bila kumuuliza chochote. Nywele zake alikuwa amezinyoa mwenyewe. Alikuwa amejikata pale nyuma ya sikio.

Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja langoni.

"Baba yuko wapi?" mlinzi akamuuliza. "Kadi?"

Akasema hana. Mlinzi akamwambia akae kando. Hapo nilianza kupiga kelele, na naona hizo kelele ndizo zilizomtoa Sista Domitila ofisini. Alimtazama Kasyoka miguuni, akamshika bega, akampitisha lango yeye mwenyewe. Akamkalisha kwenye kiti kilekile alichokalia Kalondu Januari, akaagiza maji. Mimi na Kalondu tukaingia nyuma yao na hakuna aliyetuzuia. Kasyoka akaeleza kila kitu. Sista alisikiliza akiwa ameshika msalaba wake kifuani, na macho yake yalilowa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kikamba, pale pale ndani ya ofisi, na hakunikemea.

Kisha akasema, "Nimemtuma dereva Mwingi amwite baba yake."

"Baba gani?" nikauliza.

"Mwenye kadi. Msichana akifika peke yake, baba anaitwa siku hiyohiyo. Siwezi kuficha mtoto wa mtu, Mama Syombua. Hilo ndilo watu walilotufanyia sisi kwa Mutindi. Nitaongea naye. Ni Mkristo."

Kasyoka aliweka kikombe chini.

Nzuki alifika mchana, na dereva wa shule hakuwa amemleta. Alikuja na lori la Muli, na Muli mwenyewe kwenye usukani. Sista aliongea naye uwanjani muda mrefu, mbele ya mstari mzima wa wazazi. Alimwambia juu ya dhambi, juu ya mtihani wa mwaka ujao, juu ya nesi ambaye nchi ingempata. Nzuki alisikiliza na kofia mkononi. Sista alipomaliza, Nzuki akatoa kadi kwenye koti, akasema amekuja kumchukua binti yake, na kwamba anamwondoa shuleni.

"Huyu si baba yangu!" Kasyoka akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Ulizeni Susu!"

Sista akamshika mkono Kasyoka, akageuka haraka. Niliona tumaini likimjia usoni, naapa niliona.

"Susu," akasema, "sikiliza vizuri. Ukiniambia huyu mtu si baba yake, basi alinidanganya Januari, na mimi naita polisi sasa hivi. Hatamchukua. Niambie tu. Huyu ni baba yake Kasyoka?"

"Si baba yake," Kalondu akasema.

Mstari mzima ulivuta pumzi. Nami nikafumba macho nikaomba, nyamaza hapo, Kalondu, nyamaza hapo hapo.

"Baba yake ni Mutunga," akasema.

Sista alijishika paji la uso. "Mutunga aliyekufa hamsini na nne."

"Ee."

"Susu, nisaidie nikusaidie. Nakuuliza jambo moja. Huyu Nzuki alimzaa huyu msichana, au hakumzaa?"

Nilimkanyaga Kalondu mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote, na hakunitazama. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote yalisimama juu ya neno alilolisema mbele ya watu, akalichinjia mbuzi. Uongo mmoja aliowahi kuusema ulikuwa umekwisha kumnyang'anya kila kitu, na nafikiri aliuogopa kuliko Muli, kuliko lori.

"Alimzaa," akasema. "Lakini si baba yake."

Sista alingoja kuona kama kuna neno lingine. Halikuja. Akaachia mkono wa Kasyoka polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akamwambia atamwandikia Askofu, atakwenda kwa D.O., afisa wa tarafa, akamwombee msaada. Kasyoka alitembea mwenyewe mpaka kwenye lori. Hakushikwa na mtu. Alipanda nyuma, si mbele kwa Muli, na akakaa akiwa ametugeuzia mgongo, hata Kalondu, aliyekuwa ameinua mikono yote miwili, aliinulia mgongo wa sare.

Vumbi lilipotulia, Sista alifuta macho kwa mkono wa kanzu yake akarudi langoni. Nilimchukia. Nilimchukia Kalondu pia, Mungu anisamehe, kwa ukweli wake usio na kazi. Watu wa nyuma walianza kutusukuma, jua lilikuwa kali na wengi walikuwa wametoka mbali. Sista akasema wazazi wasonge mbele, mmoja mmoja, baba kwanza. Jonah akainua sanduku la Syombua, tukasonga.